Kutambua vidukari hadi spishi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nitajuaje kwamba mdudu huyu ni kidukari na si mwingine?

Mtazame mgongoni, upande wa nyuma. Vidukari wengi wana vibomba viwili, kimoja kila upande, vilivyochomoza karibu na mwisho wa fumbatio. Wataalamu huviita kornikoli. Katikati ya vibomba hivyo, mwisho kabisa wa mwili, kuna kimkia kidogo kiitwacho kauda. Hakuna kundi jingine la wadudu lenye vitu hivi viwili pamoja. Mwili ni laini, una umbo la pea, na kwa kawaida urefu wake ni kati ya milimita 1 na 4.

Wanaochanganywa nao mara nyingi ni hawa. Nzi weupe huruka wote kwa pamoja ukitikisa jani, na tunutu wao (wachanga ambao hawajakomaa) wamebapa kama magamba yaliyogandamana na jani. Vidung'ata wana unga mweupe na nyuzi za nta pembeni mwa mwili, na hawana kornikoli. Chawa wa majani hurukaruka kama viroboto, tena vipapasio vyao vina pingili 10, wakati kidukari ana 6 au pungufu. Vithiripi ni wembamba kama kijiti.

Angalizo moja: vipande vyeupe vilivyokauka juu ya majani si wadudu wengine, wala si ukungu. Ni magamba ambayo vidukari wenyewe wameyavua walipokuwa wakikua. Kila kidukari hujivua mara nne kabla ya kukomaa, kwa hiyo kundi dogo tu huacha takataka nyingi.

Vidukari wako wangapi, na wamepangwaje?

Zaidi ya spishi 5,000 zimekwisha kuelezwa. Wako katika oda Hemiptera, familia ya juu Aphidoidea, na wengi mno ni wa familia Aphididae. Ndugu zao wa karibu, Adelgidae na Phylloxeridae, hawana kornikoli, na majike wao hutaga mayai siku zote. Majike wa Aphididae huzaa watoto hai bila dume kwa sehemu kubwa ya mwaka, jambo ambalo Charles Bonnet alilithibitisha mwaka 1740 kwa kumfungia jike mmoja peke yake tangu kuzaliwa.

Ndani ya Aphididae kuna nusufamilia kadhaa. Kwa anayeshughulika na mazao, Aphidinae ndiyo kubwa kuliko zote: ina zaidi ya nusu ya spishi na karibu kila kidukari wa shambani. Imegawanyika katika kabila mbili, Aphidini (Aphis, Rhopalosiphum, Schizaphis) na Macrosiphini (Myzus, Macrosiphum, Acyrthosiphon, Brevicoryne). Lachninae ni vidukari wakubwa wa mashina na matawi ya miti, kama Cinara wa misonobari na mivinje ya jamii ya sipresi. Eriosomatinae ni wale wa manyoya ya nta, wengi wao wakikaa kwenye mizizi au ndani ya uvimbe wa majani, na kornikoli zao zimebaki pete tu au hazipo kabisa. Ukikuta kidukari asiye na vibomba, usimkane haraka. Huenda ni wa kundi hili.

Kuna haja gani ya kufika kwenye spishi? Si nitapulizia dawa ileile?

Hapana, na hapa ndipo fedha na mazao hupotelea. Myzus persicae ana ukinzani dhidi ya makundi mengi ya viuadudu na hueneza virusi zaidi ya 100 vya mimea. Jirani yake kwenye jani hilohilo, Brevicoryne brassicae, hali mmea usio wa jamii ya kabichi hata akilazimishwa. Ukijua ni yupi, unajua kama viazi vya pembeni viko hatarini au la. Vilevile kwenye migomba: Pentalonia nigronervosa ndiye mchukuzi wa virusi vya migomba kushonana vichwa, kwa hiyo kumwona kundini ni sababu ya kukagua kila chipukizi hata kama wadudu wenyewe ni wachache.

Kwa nini mnasema rangi haiaminiki?

Kwa sababu spishi moja inaweza kuwa na rangi nne. Myzus persicae huonekana wa kijani, wa njano, wa waridi au mwekundu wa matofali. Acyrthosiphon pisum ana ukoo wa kijani na ukoo wa waridi. Aphis gossypii huwa kijani kilichokolea hadi karibu nyeusi penye baridi na chakula tele. Joto likizidi na kundi likisongamana, watoto hukua vibete, wa njano iliyofifia, wasiofika hata milimita moja. Mtu akiwaona wawili hawa kwenye jani moja la pamba ataapa ni spishi mbili.

Rangi ya mwili ni maji na mafuta yaliyo chini ya ngozi. Rangi ya kuamini ni ile ya ngozi ngumu yenyewe: kornikoli nyeusi au nyeupe, kauda nyeusi au nyeupe, ngao nyeusi mgongoni, miguu yenye mipaka ya weusi. Hiyo haiondoki hata kwenye spiriti. Rangi ya mwili huondoka ndani ya siku chache, kwa hiyo iandike wadudu wangali hai, pamoja na kama wana unga wa nta na umekaa wapi.

Nianze na nini: mdudu au mmea?

Mmea. Vidukari wengi wana mmea mmoja au jamii moja ya mimea, na kujua jina la mmea kunapunguza orodha kutoka maelfu hadi wachache. Lakini mmea uwe umetambuliwa sawasawa: "jani la kichakani" halisaidii kitu. Kama huujui, kausha tawi lenye maua kati ya magazeti, ulihifadhi pamoja na namba ya sampuli ya wadudu.

Andika pia walikuwa sehemu gani: chini ya jani, kwenye ncha changa, ndani ya majani machanga yaliyojikunja ya mahindi, kwenye shingo ya mzizi. Na hakikisha wana kundi, yaani jike na watoto pamoja. Kidukari mmoja mwenye mabawa aliyetua kwenye nyanya anaweza kuwa mpita njia tu, na kumpitisha kwenye ufunguo wa vidukari wa nyanya (orodha ya jozi za alama unazochagua hatua kwa hatua hadi kufika kwenye jina) kutakupa jibu la uongo kila mara.

Nikusanye vipi, na kiasi gani?

Chukua vidukari 10 hadi 20 kutoka kundi moja: wasio na mabawa waliokomaa, wenye mabawa kama wapo, na tunutu wachache. Usichanganye makundi mawili kwenye chupa moja, hata kama mimea imegusana.

Tumia brashi laini ya kuchorea iliyolowekwa kwenye spiriti. Mguse kwanza mgongoni, subiri sekunde chache achomoe mdomo, ndipo umwinue. Ukimvuta ghafla, mrija wa mdomo unakatika ndani ya mmea, na urefu wa mrija huo ni kipimo muhimu. Miguu na vipapasio navyo hukatika kirahisi, kwa hiyo koleo za chuma ziache.

Ethanoli ya 70 hadi 80% inafaa kwa wadudu watakaowekwa kwenye slaidi, yaani kipande cha kioo cha kutazamia kwenye hadubini. Kwa uchunguzi wa DNA tumia 95% au zaidi na uweke kwenye baridi, ikiwezekana nyuzi 20 chini ya sifuri. Ethanoli kali hukausha mwili ukawa kama kigae, basi kama unataka vyote viwili, gawa sampuli kwenye chupa mbili. Jaza chupa hadi juu; kiputo cha hewa kikitembea humo njiani kitawavunja miguu. Lebo iandikwe kwa penseli kwenye karatasi na iwekwe ndani ya chupa: mmea, mahali, tarehe, mkusanyaji, namba, rangi wakiwa hai. Wino wa kalamu ya kawaida huyeyuka kwenye spiriti.

Nitamjuaje aliyekomaa?

Swali hili ni zito kuliko linavyoonekana, kwani makosa mengi ya utambuzi yanatokana na kupima tunutu. Funguo karibu zote zimeandikwa kwa jike aliyekomaa. Tunutu ana kauda fupi iliyo butu kama kipembe kipana, vipapasio vyenye pingili chache zaidi, na kornikoli zisizofikia urefu wake. Aliyekomaa ana kauda iliyochongoka au kurefuka kama kidole, na chini ya mwili, mbele ya kauda, ana bamba la uzazi lenye vinywele. Njia ya haraka: weka mwanga chini yake. Ukiona ndani ya fumbatio watoto wenye madoa ya macho mekundu au meusi, huyo karibu hakika ni mama. Hata tunutu wa hatua ya mwisho anaweza kuwa na viinitete, kwa hiyo thibitisha kwa kauda na bamba.

Mwenye vifuko viwili begani ni tunutu atakayeota mabawa. Usimweke kundi la wasio na mabawa.

Nahitaji vifaa gani?

Lenzi ya mkono ya mara 10 inatosha kutenganisha makundi makuu shambani, na ya mara 20 ni bora. Hadubini ya stereo ya mara 20 hadi 60 hukufikisha kwenye jenasi mara nyingi na kwenye spishi kwa wale wa kawaida. Kwa waliobaki lazima slaidi na hadubini ya mara 100 hadi 400, yenye kipimo ndani ya lenzi ya jicho. Hakuna njia ya mkato: kuhesabu vinywele vya kauda ya mdudu wa milimita moja na nusu hakuwezekani kwa lenzi ya mkono.

Nitazame alama zipi, na kwa utaratibu gani?

Tuanze kichwani. Mtazame kwa juu, kati ya mashina ya vipapasio. Kwenye Aphidini paji ni tambarare au limeinuka katikati kidogo tu. Kwenye Macrosiphini wengi mashina ya vipapasio yamekaa juu ya vinundu vinavyoacha bonde katikati. Sura ya bonde hilo inasema mengi: vinundu vya Myzus vinaelekeana kwa ndani, vya Aulacorthum vinakwenda sambamba, vya Macrosiphum na Acyrthosiphon vinatanuka kwa nje.

Kisha vipapasio. Hesabu pingili, kisha linganisha urefu wote na urefu wa mwili. Pingili ya mwisho ina sehemu mbili: kitako kilicho nene na uzi mwembamba unaofuata. Gawa urefu wa uzi kwa urefu wa kitako. Uwiano huu ni mojawapo ya namba zenye thamani kubwa kabisa katika utambuzi wa vidukari, maana haubadiliki sana mdudu akiwa mdogo au mkubwa. Kwa wenye mabawa, hesabu pia vitobo vya kunusia kwenye pingili ya tatu, ya nne na ya tano. Ni vya mviringo na huonekana kama vidirisha.

Kornikoli: pima urefu na ulinganishe na kauda. Zimenyooka, zimevimba katikati, au zimebanwa chini ya ncha? Ncha ina ukingo? Kwenye Macrosiphum eneo la karibu na ncha lina michoro kama wavu wa samaki, Acyrthosiphon hana. Alama hii moja hutenganisha vidukari wawili wakubwa wa kijani ambao kwa macho ni pacha.

Kauda: kidole, pembetatu au kifundo? Nyeusi au nyeupe? Vinywele vingapi? Mgongoni: kuna ngao nyeusi, mistari, au hakuna kitu? Malizia na mabawa. Bawa la mbele lina mshipa wa kati ambao kwa wengi hugawanyika mara mbili na kuwa na matawi matatu. Ukigawanyika mara moja tu, umepunguza orodha sana.

Pima angalau wadudu watano na uandike kiwango cha chini na cha juu. Namba ya mdudu mmoja haina uzito.

Kwenye maharagwe na kunde wapo weusi. Ni spishi moja?

Mara nyingi ni mmoja kati ya wawili. Aphis craccivora asiye na mabawa anang'aa kama kiatu kilichopigwa rangi. Mgongo umefunikwa na ngao nyeusi moja kubwa, na miguu ni myeupe yenye ncha nyeusi. Tunutu wake wana unga kidogo wa nta, na ni kawaida kabisa kuona mama mweusi anayeng'aa amezungukwa na watoto wa kijivu. Kauda ina vinywele 4 hadi 7.

Aphis fabae ni mweusi uliofifia, hana ngao nzima, na mara nyingi ana mistari mifupi ya nta nyeupe ikivuka mgongo. Kauda yake ina vinywele vingi zaidi, kwa kawaida 10 au zaidi. Mwili pia ni mkubwa kidogo.

Tahadhari mbili. Craccivora mwenye mabawa hana ngao nzima, ana mapande tu, kwa hiyo kanuni ya kung'aa ni ya wasio na mabawa. Pili, jina Aphis fabae linabeba spishi ndogo kadhaa zinazofanana mno kwa umbo na kutofautiana kwa mimea wanayokula. Wale wa mnavu, kwa mfano, huitwa solanella. Ukiishia kwenye "kundi la Aphis fabae" hujakosea.

Na kwenye kabichi?

Hapa kuna watatu. Brevicoryne brassicae amefunikwa na unga wa kijivu mpaka kundi zima linafanana na majivu. Futa unga kwa brashi uone kornikoli: ni fupi kama mapipa, zimepungukiwa hata na kauda ya pembetatu. Lipaphis pseudobrassicae ana unga mwepesi tu, na kornikoli zake ni ndefu kuliko kauda au karibu sawa. Myzus persicae hana unga, hutawanyika chini ya majani ya zamani badala ya kusongamana, na paji lake lina vile vinundu vinavyoelekeana.

Mahindi, mtama na ngano?

Rhopalosiphum maidis ni mrefu mwembamba, wa kijani cha bluu au zeituni, anajificha ndani ya majani machanga yaliyojikunja na kwenye mbelewele. Kornikoli ni fupi nyeusi, na kuzizunguka kuna doa la zambarau. Rhopalosiphum padi ni wa duara zaidi, na nyuma kati ya kornikoli ana wekundu wa kutu. Wekundu ukiwa umefifia, pima uzi wa kipapasio: kwa maidis ni takribani mara mbili ya kitako, kwa padi ni mara nne au zaidi.

Schizaphis graminum ni wa kijani hafifu mwenye mstari wa kijani kilichokolea katikati ya mgongo; kornikoli nyeupe zenye ncha nyeusi. Mwenye mabawa ana mshipa wa kati uliogawanyika mara moja, wakati wa Rhopalosiphum umegawanyika mara mbili. Kwenye mtama ukiona wa njano wenye kornikoli fupi nyeusi na ncha za miguu nyeusi, fikiria Melanaphis. Akiwa wa njano lakini mwenye vinywele vigumu mwili mzima, na penye kornikoli pana vitundu tu, huyo ni Sipha flava.

Diuraphis noxia wa ngano na shayiri hakosewi ukimtazama kwa ubavu: juu ya kauda kuna kipembe kingine, hivyo anaonekana ana mikia miwili. Kornikoli zake ni fupi kiasi cha kutoonekana. Majani hujikunja kama bomba na kuwa na mistari myeupe au zambarau, na humo ndimo utakapomkuta.

Wa kijani kwenye viazi, pilipili na tumbaku wananishinda. Nifanyeje?

Panga hivi. Paji tambarare na kornikoli nyeusi kote: Aphis gossypii. Paji lenye vinundu vinavyoelekeana, kornikoli za wastani zilizovimba kidogo kuelekea ncha: Myzus persicae. Vinundu sambamba, mwili unaong'aa, doa la kijani kilichokolea au la kutu kwenye shina la kila kornikoli: Aulacorthum solani. Mwili mkubwa wa mviringo mrefu, miguu mirefu, kornikoli ndefu zenye wavu karibu na ncha: Macrosiphum euphorbiae.

Myzus persicae mwenye mabawa ana doa kubwa jeusi katikati ya mgongo wa fumbatio, ambalo wasio na mabawa hawana. Wengi hudhani wamepata spishi mpya.

Michungwa ina weusi na wa kijani. Nani ni nani?

Wa kijani mwenye kornikoli na kauda nyeusi zote ni Aphis spiraecola. Kwa weusi, tafuta mwenye mabawa. Mshipa wa kati ukigawanyika mara moja na doa la ukingo wa bawa likiwa jeusi, ni Aphis aurantii. Ukigawanyika mara mbili, na pingili ya tatu ya kipapasio ikiwa nyeusi yote, ni Aphis citricidus, mchukuzi hodari wa virusi vya tristeza. Utawakuta hawa wawili katika vitabu vya zamani chini ya jenasi Toxoptera. Tazama mabawa ya wadudu kadhaa, kwa sababu mara mojamoja mshipa hugawanyika vibaya kwa mdudu mmoja, hata bawa la kushoto likatofautiana na la kulia.

Kidukari wa migomba ni yuleyule wa iliki na magimbi?

Zamani walihesabiwa kuwa mmoja. Sasa Pentalonia nigronervosa wa migomba na Pentalonia caladii wa jamii za magimbi na iliki wametenganishwa kuwa spishi mbili, kwa vipimo vya mwili na kwa DNA. Jenasi yenyewe ni rahisi: kahawia iliyokolea, na mabawa yenye mishipa iliyopakwa kahawia pembeni, miwili kati yake ikiungana na kufunga chumba ambacho vidukari wengine hawana. Kutenganisha spishi kunahitaji slaidi na vipimo vya wadudu wengi, kwa sababu vipimo vyao hukaribiana.

Slaidi ya kudumu hutengenezwaje?

Kazi yote, bila kuhesabu kukausha, huchukua kama saa mbili, na wadudu kumi hupita pamoja. Vaa glavu na miwani. Potasiamu haidroksaidi inachoma ngozi na macho, na ethanoli inashika moto, hivyo joto litoke kwenye beseni la maji moto, kamwe si kwenye mwali.

Toboa tumbo upande wa chini kwa sindano nyembamba kabisa, kati ya miguu ya nyuma. Weka wadudu kwenye ethanoli ya 80%, chupa ikae kwenye maji moto dakika 5. Mwaga, tia potasiamu haidroksaidi ya 10%, rudisha kwenye maji moto dakika 3 hadi 5. Weusi wenye ngozi ngumu huhitaji zaidi; watazame kila dakika. Hamishia kwenye maji safi yaliyochemshwa na kukusanywa kama mvuke, na kwa brashi bonyeza taratibu kutoka kifuani kuelekea kwenye tundu mpaka uchafu na viinitete vitoke. Badili maji mara mbili, dakika 10 kila mara.

Sasa toa maji mwilini: ethanoli ya 70%, kisha 95%, kisha ile isiyo na maji, dakika 10 kila moja. Baada yake mafuta ya karafuu dakika 15. Weka tone dogo la balsamu ya Kanada kwenye slaidi, laza mdudu mgongo juu, nyoosha vipapasio na miguu, tandaza mabawa, funika. Kausha kwenye nyuzi 45 hadi 50 kwa wiki tatu. Lebo mbili: kulia mahali, tarehe, mmea na mkusanyaji, kushoto jina na aliyetambua.

Makosa yana sura zake. Ukungu mweupe kuzunguka mdudu ni maji yaliyobaki. Rudi kwenye ethanoli. Mwili uliojikunja kama zabibu kavu umerushwa haraka kutoka hatua moja hadi nyingine. Vinywele visivyoonekana na miguu kama kioo maana yake alikaa mno kwenye haidroksaidi, na hilo halirekebishiki. Fumbatio jeusi katikati ni mabaki hayakutolewa. Gundi za haraka za maji hukupa slaidi kwa dakika chache, ila hupasuka na kuwa na fuwele baada ya miaka. Zitumie kwa utambuzi wa leo tu, si kwa sampuli ya kumbukumbu.

Ufunguo umenipeleka kwenye spishi isiyoweza kuwa sahihi. Nimekosea wapi?

Angalia mambo haya kwa mpangilio. Je, mdudu alikuwa amekomaa? Je, ufunguo ni wa wasio na mabawa nawe unatumia mwenye mabawa? Je, ni mama wa kwanza wa msimu, yule aliyetoka kwenye yai? Huyo ana vipapasio na kornikoli fupi kuliko wanawe na hupotosha kila kipimo. Je, alikuwa na nyigu ndani yake? Vidukari walioliwa na nyigu vinyemelezi (wale ambao watoto wao hukua ndani ya kidukari) hupata maumbile ya ajabu, kati ya mwenye mabawa na asiye nayo. Mwisho, je, mmea wenyewe ulitajwa sahihi?

Soma pande zote mbili za kila jozi kabla ya kuchagua, hata ya kwanza ikikufaa. Mahali ulipositasita, weka alama na ufuate njia zote mbili.

Wale waliovimba na kukauka kwenye jani ni spishi gani?

Hao ni maiti zenye nyigu ndani. Ganda la rangi ya majani makavu ni kazi ya jamii ya Aphidius; ganda jeusi ni Aphelinus; ganda lililokaa juu ya kihema cheupe ni Praon. Usiwatumie kutambua kidukari, na usiwaangamize: nyigu atakayetoka atawashughulikia waliobaki.

Picha ya simu inatosha?

Kwa spishi chache zenye alama ya wazi, ndiyo. Piga mdudu hai kwa juu, kwa ubavu ili kornikoli na kauda vionekane, na kichwa kwa mbele. Kisha kundi zima, kisha mmea pamoja na jani na ua. Weka karatasi yenye milimita pembeni. Picha moja ya nukta za kijani kwenye jani haitambuliki, na anayekupa jina kamili kutokana nayo anakisia.

DNA haimalizi ubishi huu wote?

Inapunguza. Kipande kinachotumika zaidi ni cha jeni ya COI, chenye herufi 658, na hutenganisha spishi nyingi vizuri, tena hata kwa tunutu na yai. Lakini ndani ya jenasi Aphis kuna spishi ambazo kipande hicho kinakaribia kuwa sawa. Hifadhidata za umma zina mifuatano iliyopachikwa majina yasiyo sahihi. Ukipata ulingano wa 99.8% na majina matatu tofauti, jibu lako ni jenasi tu. Na kidukari mwenye nyigu ndani anaweza kukupa DNA ya nyigu.

Omba maabara itoe DNA bila kumsaga mdudu. Ngozi inayobaki hutengenezwa slaidi, na hapo mfuatano na umbo vinabaki kwa mdudu mmoja anayeweza kukaguliwa tena.

Jina liandikwe vipi kwenye ripoti?

Jenasi kwa herufi kubwa mwanzoni, spishi kwa herufi ndogo, zote kwa mlazo: *Aphis gossypii* Glover, 1877. Mabano kwenye jina la mwandishi, kama *Myzus persicae* (Sulzer, 1776), yanaonyesha kwamba spishi ilielezwa kwanza chini ya jenasi nyingine. Usiyaongeze wala kuyaondoa kwa hiari yako. Ukiwa na hakika ya jenasi pekee, andika *Aphis* sp. Ukiwa umefika kwenye spishi lakini alama moja inagoma, weka "cf." (yaani "linganisha na") kati ya majina mawili na utaje alama hiyo. Kisha taja umetumia wadudu wangapi, waliokomaa au la, na slaidi zimehifadhiwa wapi.